"Mbona Huku Inafunguka?" Kurasa Kubwa Zinavyoganda Zikifika Nguvumali

Leo tuweke pembeni siasa na mambo ya Coastal Union, tuzungumze jambo ambalo kila aliyewahi kukaa kwenye kiti cha plastiki pale kafe analijua, ila hajawahi kulisoma kama habari. Ukurasa umeganda. Kile kiduara kinazunguka, dakika zako zinakwisha, na ulichokifuata hujakiona.

Nianze na yaliyotukuta. Mwaka jana dada yangu mmoja, mtoto wa mama mdogo, aliomba kazi mahali. Sipataji, maana sijaja kugombana na mtu. Vigezo anavyo, cheti anacho. Tangazo likatoka kwamba majina ya walioitwa kwenye usaili yako kwenye tovuti. Tukaenda kafe ya hapa hapa Nguvumali, tukalipia nusu saa. Nembo ikatokea, kichwa cha habari kikatokea, karatasi ya kwanza ya majina ikaanza kushuka taratibu kama pazia, ikafika katikati, ikaganda. Tukarifreshi. Ikaanza upya. Tukalipia nusu saa nyingine, tukafika karatasi ya nne. Majina yamepangwa kwa alfabeti, na jina la dada linaanza na S!

Tukajaribu kwa simu yake ndogo. Bando likaisha, burauza ikajifunga yenyewe. Mwenye kafe akasema, "Leo mtandao uko chini wanangu, njooni kesho." Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu mshkaji wangu aliyeko Dar akatufungulia huko, akatupigia picha karatasi moja na kututumia. Jina la dada lilikuwepo. Usaili ulikuwa umefanyika jana yake, Dodoma.

Nikapiga simu pale ofisini. Akapokea kijana wa kompyuta, mstaarabu kwelikweli, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kaka, mbona huku inafunguka?"

Wadau, yule kijana hakusema uongo. Kwao ilikuwa inafunguka. Na hapo ndipo ilipo habari yenyewe.

HESABU YA UKURASA MMOJA

Niliurudia ule ukurasa usiku, kafe ikiwa tupu, nikauacha mpaka ukaisha. Ulikuwa na karatasi 62. Kila karatasi ilikuwa ni picha iliyoskaniwa, yenye uzito wa kama megabaiti 1.2. Jumla ni karibu megabaiti 74 ndani ya ukurasa mmoja.

Sasa piga hesabu nami. Megabaiti moja ni megabiti 8, kwa hiyo 74 ni megabiti 592. Laini ya kafe yetu ni megabiti 2 kwa sekunde, kompyuta ziko nane. Zote zikitumika kwa pamoja, kila moja inapata robo ya megabiti. Gawanya 592 kwa robo, unapata sekunde 2,368, yaani karibu dakika 40. Hapo hakuna kilichopotea njiani na hakuna aliyefungua video kompyuta ya pembeni. Sisi tulilipia dakika 30, na tukawa tunarifreshi. Kila ukirifreshi zilianza upya, kwa sababu seva yao haikuiruhusu burauza kuhifadhi picha zilizokwisha kushuka. Hata tungekuwa na subira ya Ayubu tusingefika S.

Yule kijana ofisini alikuwa na seva jengo hilo hilo, kwenye waya wa megabiti 100. Kwake ni sekunde sita. Anabonyeza, anakunywa chai funda moja, ukurasa uko tayari.

Na majina yale yale yangeandikwa kama maandishi ya kawaida? Karatasi 62, kila moja majina 40, ni majina 2,480. Kila mstari uupe baiti 60. Jumla kilobaiti kama 150. Kwa robo ile ile ya megabiti ya kafe, ni sekunde tano. Dakika 40 zinageuka sekunde tano, na hakuna aliyeongeza hata waya mmoja.

"MTANDAO UKO CHINI" NI UGONJWA GANI?

Kusema mtandao uko chini ni sawa na kusema mgonjwa anaumwa. Anaumwa nini? Ukurasa ukikataa, magonjwa ni manne, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza: njia imekatika. Hapo hakuna kinachofunguka vizuri, kidogo wala kikubwa. Mnaikumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Ubaya ni kwamba SEACOM ilikuwa tayari imekatika upande wa kaskazini, Bahari ya Shamu, tangu Februari mwaka huo huo. Kwa hiyo tulibanwa huku na huku, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulifunga huduma kwa wananchi siku mbili kwa sababu ya mtandao. Ubalozi, wadau! Sembuse kafe ya Nguvumali. Kuna pia kukatika kwa kuamriwa, kama tulivyozimiwa intaneti siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, tukakaa siku kadhaa. Ugonjwa huu mwenye kafe hana dawa yake.

La pili: ukurasa ni mzito. Dalili yake, kichwa kinatokea, maandishi ya juu yanatokea, halafu vitu vinadondoka kimoja kimoja kama maji ya bomba la mtaa wakati wa mgao. Kurasa nyepesi kwenye kompyuta hiyo hiyo zinafunguka. Huu ndio uliomuua dada.

La tatu: njia ni ndefu na inadondosha. Ukurasa hauji kama kifurushi kimoja. Unakatwakatwa pakiti ndogo ndogo, kila moja isiyozidi baiti 1,500. Ukurasa wa megabaiti 2 ni pakiti kama 1,400. Seva haizirushi zote mara moja. Inatanguliza chache, kwa kawaida kumi, inasubiri jibu kwamba zimefika, inaongeza mara mbili, inasubiri tena. Ikihisi pakiti imepotea, inapunguza mwendo. Sasa kila kusubiri ni safari ya kwenda na kurudi. Mwanga ndani ya waya unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo seva iliyo mbali kilomita 10,000 za waya inakula sehemu ya kumi ya sekunde kwa kila safari. Ukurasa unaohitaji safari mia moja za kupokezana umeshakula sekunde kumi za kusubiri tu, hata kama laini ni pana kama barabara ya Segera.

Wakubwa mlioanza kafe kabla ya SEACOM kuwashwa tarehe 23 Julai 2009 mnalijua hili kwa mwili. Kafe nyingi enzi hizo zilitegemea setilaiti iliyo juu kilomita 35,786. Swali linapanda na kushuka, jibu linapanda na kushuka, nusu sekunde imeondoka kabla seva haijafanya kitu. Ndiyo maana mtu alifungua barua pepe kisha akatoka kununua muhogo.

La nne ni la ajabu kuliko yote, nalo nalipa sehemu yake.

LORI LA MACHUNGWA NA DARAJA FUPI

Kulikuwa na ukurasa wa fomu za chuo ambao kwenye kompyuta zote nane za kafe ulibaki mweupe. Hakuna nembo wala herufi. Lakini ukifungua kwa simu yenye bando, dakika hiyo hiyo, umekaa kiti hicho hicho, unafunguka. Na kwenye zile kompyuta Google inafunguka, magazeti yanafunguka. Mzee mwenye kafe alishapiga windows upya mara mbili. Akasema ni virusi.

Nikakumbuka niliwahi kusoma kitu kuhusu ukubwa wa pakiti. Chukulia lori la machungwa la kutoka Muheza. Limepakiwa urefu wa 1,500, ndio urefu wa kawaida wa waya za ofisini. Njiani kuna daraja lenye nafasi ya 1,492 tu. Laini nyingi za nyumbani na za kafe zinazoingia kwa jina na nenosiri, zile za PPPoE, zina daraja la namna hiyo, kwa sababu baiti nane zinachukuliwa na utaratibu wenyewe. Sio tatizo. Mlinzi wa daraja anatakiwa kumrudishia dereva ujumbe: "Lori lako refu, punguza." Dereva anapunguza, anapita.

Tatizo linakuja pale msimamizi wa seva, kwa kuogopa wezi, anapoiambia fayawoli yake izuie ujumbe wote wa aina ile. Mlinzi anapiga kelele, dereva amezibwa masikio. Analeta lori lile lile, linakwama. Analeta tena, linakwama. Vijilori vidogo vinapita, ndiyo maana mwanzo wa mazungumzo unakwenda vizuri. Mzigo mkubwa wa kwanza ukifika, kimya. Ungesubiri mpaka adhana ya alfajiri, ukurasa ni mweupe tu. Na yule aliyeko jengo moja na seva hana daraja lolote njiani. Ukimuuliza atakujibu nini? "Mbona huku inafunguka?"

Tulipima hivi. Kwenye ile windo nyeusi ya Windows tuliandika ping -f -l 1472, kisha anwani ya tovuti inayojibu ping. Ile 1472 ukiongeza baiti 28 za vichwa unapata 1,500. Haikupita. Tukashusha mpaka 1464. Ikapita. 1464 na 28 ni 1,492. Daraja letu hilo! Tukaweka 1,492 kwenye kila kompyuta kwa amri hii, ukiwa umeingia kama msimamizi wa kompyuta:

netsh interface ipv4 set subinterface "Ethernet" mtu=1492 store=persistent

(Hapo penye Ethernet weka jina la laini yako kama linavyosomeka kwenye kompyuta.) Tukaufungua ule ukurasa wa chuo. Fomu ikatokea. Mzee alikaa kimya, halafu akaniambia, "Mwanangu, na hela ya fundi wa windows nani atanirudishia?"

Tahadhari: tovuti nyingine zinazuia ping kabisa, kwa hiyo jaribu anwani zaidi ya moja kabla hujahukumu.

KASI INAONGEZEKA, KURASA ZINANENEPA

Wapo watakaosema dawa ni kusubiri intaneti ya kasi. Nawaheshimu, lakini nawauliza: tangu lini? SEACOM ilikuja 2009, EASSy ikafuata 2010. Kasi imepanda sana, hilo halina ubishi. Lakini mradi wa HTTP Archive, ambao umekuwa ukipima kurasa za dunia tangu 2010, unaonyesha kwamba mwishoni mwa mwaka huo ukurasa wa katikati ulikuwa chini ya kilobaiti 500. Leo umepita 2,000. Barabara inapanuliwa na magari yananenepa. Mwenye baiskeli anabaki pembeni vile vile.

Na kuna kisa kimoja cha kweli ambacho kila mtengeneza tovuti hapa Bongo angetakiwa akisome kabla hajalipwa. Chris Zacharias alikuwa mhandisi wa YouTube. Ukurasa wao wa kutazama video ulikuwa umefika megabaiti 1.2. Akatengeneza toleo jepesi, likapewa jina Feather, yaani unyoya, lenye kilobaiti 98. Likatoka mwaka 2009. Walipoangalia vipimo wakashangaa: wastani wa muda wa kufungua ulikuwa umepanda! Ukurasa mwepesi, muda mrefu zaidi. Inakuwaje? Jibu lilikuwa kwenye ramani. Watu wa Asia ya Kusini-Mashariki, Amerika ya Kusini, Afrika na Siberia, ambao zamani ukurasa uliwachukua zaidi ya dakika 20, sasa uliwachukua dakika mbili. Kwa hiyo walianza kuingia. Dakika mbili zao ndizo zilizopandisha wastani. Kabla ya hapo hawakuonekana kwenye vipimo kabisa, kwa sababu walikata tamaa kabla ukurasa haujafika.

Hebu rudini kwa dada yangu. Kwenye takwimu za ile ofisi yeye hayumo. Pale ameandikwa "hakuhudhuria usaili". Hakuna safu inayosema "aliganda karatasi ya nne". Wakubwa watakaa mezani waseme vijana hawako makini, wanaitwa hawaji.

TANGAZO LISILOFUNGUKA HALIJATANGAZWA

Huu ndio msimamo wangu, na ndio nimeandikia makala hii. Tangazo lenye tarehe ya mwisho likiwekwa mahali ambapo wa Nguvumali hawezi kulifungua ndani ya nusu saa aliyolipia, tangazo hilo limetolewa kwa waliokaa karibu na seva. Zamani majina yalibandikwa ukutani. Ukifika ukutani unasoma, awe tajiri awe maskini. Ukuta wa siku hizi una kiingilio, na kiingilio ni megabaiti.

Najua wenye ofisi wana hoja. Karatasi iliyoskaniwa ina mhuri na sahihi, haichezewi. Ni kweli, na matapeli wa ajira tunawajua. Basi wekeni vyote viwili: majina kwa maandishi kwenye ukurasa, na karatasi yenye mhuri pembeni kwa anayetaka kuhakiki.

Mengine ninayoomba ni haya:

1. Orodha ndefu ikatwe kwa herufi. Mwenye S asilazimishwe kuwabeba akina A mpaka R.
2. Picha zipunguzwe. Karatasi ya maandishi meusi kwenye weupe haihitaji megabaiti 1.2. Ukiiskani bila rangi inashuka chini ya kilobaiti 100 na bado inasomeka.
3. Fundi ajaribu ukurasa akiwa mbali na ofisi. Burauza za siku hizi zina sehemu ya kuigiza mtandao wa polepole. Au apande basi aje Tanga, mimi nitamlipia nusu saa.
4. Fayawoli zisizibe masikio ya madereva. Ule ujumbe wa "punguza mzigo" upite.
5. Tovuti za huduma za Watanzania ziwe na nakala ndani ya nchi. Pale Dar kuna TIX, mahali mitandao ya nchi inapobadilishana mizigo bila kuvuka bahari. Tovuti ikikaa Ulaya, wa Nguvumali akitaka kusoma tangazo la Dodoma anavushwa bahari kwenda na kurudi, na waya ukikatika Msumbiji naye amekatika.
6. Waya zikikatika kama Mei 2024, tarehe za mwisho zisogezwe bila mtu kuomba. Na mwombaji atumiwe ujumbe mfupi wa simu. Namba zetu si mnazo? Mlizitaka kwenye fomu.

Waswahili wana neno lao: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyetengeneza ule ukurasa hakuwa mtu mbaya. Hajawahi kuulalia tu.

KWETU SISI WA KAFE

Mpaka hayo yatimie, tusaidiane. Ukurasa ukiganda usikimbilie kurifreshi, unaweza kuwa unafuta ulichokwisha kukilipia. Jaribu kwanza ukurasa mwepesi: ukikataa nao, njia ndiyo mbovu, okoa hela yako uondoke. Ukifunguka, jaribu ule mzito kwa simu ya jirani. Ukifunguka kwa simu na kwenye kompyuta ni mweupe kabisa, pima lile daraja la 1,492. Ukidondoka kidogo kidogo, ni mzito: mwombe mwenye kafe azime kompyuta zisizo na mtu, au nenda asubuhi na mapema kabla wenye video hawajaamka. Na kabla hujalipia nusu saa ya pili, mpigie mtu aliye mjini akuangalizie. Jina lako ni muhimu kuliko aibu ya kuomba msaada.

Dada ameomba tena mwaka huu, mahali pengine. Safari hii tumekubaliana mimi ndiye nitakayelala na ukurasa.

Mlioko Muheza, Pangani, Korogwe, Pemba, na nyie wa Mombasa, nipeni uzoefu wenu hapo chini: ukurasa uliganda wapi, ulilipia dakika ngapi, ulikosa nini. Majina ya ofisi acheni, dalili ndizo ninazozitaka. Mafundi nao wakiniona nimekosea mahali wanisahihishe, mimi ni wa kidato cha nne tu.

Nawasilisha.